Mwenzako Yukoje?

Mutiso alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa dukani kwangu Dagoretti nampimia fundi misumari ya mabati, akaniambia kwamba Kocha Andayi ametutoka. Mimi si mtu wa kulia mbele ya wateja. Nilimaliza kupima, nikafunga misumari kwenye gazeti, kisha nikaenda nyuma ya rafu za rangi na kumwambia Mutiso aendelee. Alikuwa na mengi, maana Mutiso hajawahi kujua kufupisha maneno. "Mwili unasafirishwa Jumapili," alisema. "Lakini Jumamosi saa sita tunakutana pale hall ya Satellite, sisi watu wa mkeka peke yetu. Tumuage vile yeye mwenyewe angetaka. Na ujue Nekesa anakuja." Nilikaa juu ya gunia la saruji. Nimeuza saruji karibu miaka thelathini na sijawahi kukalia gunia, kwa sababu vumbi lake halitoki kwenye nguo. Siku hiyo nililikalia mpaka mteja mwingine alipogonga kaunta na kuuliza kama duka lina mwenyewe.

Nitausimulia mwaka ule mmoja tu niliokuwa kwa Kocha. Yaliyoutangulia ni ya kawaida, na yaliyoufuata ni bei za mabomba na mbao. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina miguu mifupi na hasira ndefu, na rafiki mmoja wa kanisani alinipeleka kwenye ukumbi ule wa Satellite akisema kuna mzee anafundisha judo na huko nitapata wa kuangusha. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, paa la mabati, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa nta kila Ijumaa. Upande mmoja kwaya iliweka mabenchi yake na ngoma zake mbili. Upande wa pili ndipo tulipotandika mkeka wetu, ambao haukuwa mkeka hata kidogo, bali magodoro ya sponji yaliyochakaa, tumeyapanga bega kwa bega na kuyavisha turubai la lori. Mutiso, ambaye alikuwa fundi wa viti, ndiye aliyelishona kwa sindano ya magunia. Kulikuwa na sehemu ya katikati ambapo sponji ilikuwa imekufa kabisa, na ukitupwa hapo ulisikia saruji ikikusalimia mgongoni. Tulipaita kaburini. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na jikoni ndogo yenye jiko la makaa na sufuria moja kubwa ya harusi, na harufu ya vitunguu ilipita chini ya mlango ikatukuta mkekani na kututia wazimu.

Kocha Andayi alikuwa tarishi katika ofisi moja katikati ya jiji. Alikuja jioni moja kwa moja kutoka kazini, viatu vimeng'arishwa, shati limefungwa kifungo cha juu, akavua vyote taratibu kama mtu anayejiandaa kuoga, akavaa judogi yake, ile nguo nene ya judo, iliyokuwa imegeuka rangi ya maziwa ya chai. Alichechemea. Goti lake la kushoto halikukunjika vizuri, na alituambia siku ya kwanza kwamba alilivunja yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Akiwa kijana liliuma mwezi mzima, kila akiulizwa akasema ni mzima, mpaka siku moja likakatika mbele ya watu. Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza hatukumtupa mtu. Tulifundishwa kuanguka. Kuanguka nyuma, kuanguka ubavuni, kuanguka kwa kubingirika, kidevu kifuani, mkono ukilipiga turubai kwa nguvu ili ardhi ichukue uzito badala ya mifupa. "Kidevu!" alipiga kelele. "Unaangalia nini huko juu? Malaika hawako, ni mabati tu!" Alituambia tusikilize. Anayeanguka vizuri hutoa sauti mbili, mwili na kofi. Nilijifunza kuzisikiliza hizo sauti mbili hata nikiwa nimempa mtu mgongo, na mpaka leo mfanyakazi akidondosha mfuko wa chokaa dukani, sikio langu husubiri sauti ya pili.

Halafu kulikuwa na desturi yake, ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Kila mmoja wetu alipewa mwenzake, na mwenzako alikuwa mwenzako kwa mwaka mzima, upende usipende. Kabla ya kukanyaga mkeka tulisimama jozi jozi tukitazamana. Ulimpapasa mwenzako shingo, mabega, viwiko, ukainama ukashika magoti, kisha Kocha akapita na kuuliza neno moja, "Mwenzako?" Hukuruhusiwa kujisemea. Wewe ndiye uliyeusemea mwili wa mwenzako, naye akausemea wako. Ukisema "mzima", mnaingia. Ukisema "kifundo cha mguu" au "mbavu", Kocha alijibu "akae", na aliyetajwa alikwenda kukaa kwenye benchi ya kwaya mpaka apone. Na wewe uliyebaki bila mwenzako hukupewa mwingine. Ulisimama pembeni mwa mkeka, mikono nyuma, mpaka mazoezi yaishe. "Mtu akijisemea atajidanganya," Kocha alisema. "Wewe hata ukiulizwa njiani uko aje, unasema niko poa, na nyumbani mtoto ako na homa. Ukitaka kujua ukweli, uliza yule anaishi na yeye." Tulimheshimu sana kwa hilo. Tuliona amepata dawa ya uongo wa wanamichezo. Hakuna aliyewaza kwamba uongo unaweza kuhama tu, ukatoka mdomo mmoja ukaingia mwingine.

Mwenzangu alikuwa Nekesa. Alitoka upande wa Bungoma, alikuwa na mwaka mmoja zaidi yangu, na alifanya kazi kwenye kibanda cha supu karibu na kichinjio cha Dagoretti. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake, na akikukamata ukosi ulijua umekamatwa. Aliniita mama ploti, kwa sababu kwetu tulikuwa na duka na vyumba vya kupangisha, na kila akinitupa aliniuliza nikiwa bado chini kama hiyo rent ataileta mwisho wa mwezi. Nilicheka mpaka nikashindwa kuinuka. Sina haya kusema nilimpenda Nekesa kuliko ndugu zangu. Jumamosi, baada ya mazoezi, alikuja na supu ya mifupa ndani ya mtungi wa plastiki aliokuwa ameuzungushia sweta ili isipoe. Wengine walileta ndengu, omena, mayai, viazi vitamu, mboga za kienyeji. Kocha hakuamini unga wowote wa makopo. Alisema nguvu haiko dukani, iko kwenye sufuria, na mtu asiyekula vizuri mishipa yake ni kamba ya katani iliyonyeshewa, itakatika siku usiyotarajia. Na hata hapo ilikuwa jozi jozi. Ulimpakulia mwenzako, ukakaa mbele yake, na hukuinuka mpaka sahani yake iwe nyeupe.

Katikati ya mwaka habari ilifika kwamba kungekuwa na mashindano mjini, na kwamba wakubwa wa timu moja ya askari, jina lake nitalimeza, watakuja kutafuta wasichana wa kuandika kazi. Kazi ya kudumu, sare, nyumba, na mazoezi juu ya mkeka wa kweli. Kwetu wengine ilikuwa habari ya kuongea njiani. Kwa Nekesa ilikuwa mlango. Alikuwa amechoka kuosha matumbo ya ng'ombe kwa maji baridi saa kumi na moja asubuhi. Lakini kwenye uzani wake wa kawaida timu ile ilikuwa na mtu tayari, bingwa. Walimtaka wa chini ya kilo hamsini na mbili. Nekesa alijipima kwenye mizani ya mbuzi pale kichinjioni, na wale vijana wa kuchuna wakamzomea wakimuuliza anauzwa mzima au nusu. Alikuwa na hamsini na saba. Alikuja akaniambia hivyo tukiwa tumekaa kwenye benchi ya kwaya tukifunga mikanda, na nikamwambia asahau, kilo tano si jasho. Akaniangalia kama mtu anayeangalia ukuta akitafuta mahali pa kupigilia msumari.

Jumamosi iliyofuata nilimpakulia kama kawaida, ndengu, viazi, na nyama ya mfupani vipande vitatu. Kocha alipogeuka kumsuta Mutiso kwa kufyonza supu kwa kelele, Nekesa alisukuma nyama yote kwenye sahani yangu kwa kidole.

"Unafanya nini?" niliuliza.

"Kula, bana. Si wewe uko na tumbo ya landlord?"

"Kocha ataona."

"Ataona sahani yangu iko safi. Si hiyo tu ndio anataka? Kula haraka, Wambui, please."

Nilikula. Nitalisema hili waziwazi kwa sababu kwa miaka thelathini sijalisema popote. Kila Jumamosi kwa miezi miwili nilikula chakula changu na chakula cha Nekesa, na kilikuwa kitamu. Nilikuwa na njaa ya mazoezi, supu ilikuwa na mafuta yanayoelea juu kwa miduara ya njano, na nyama ile ilitoka mfupani bila kubishana. Mapaja yangu yaliimarika. Kocha alinisifu mbele ya watu, akasema tazameni Wambui anavyokaa mkekani siku hizi kama nguzo. Nekesa alipiga makofi na wengine. Mashavu yake yalikuwa yameanza kuingia ndani, na judogi yake, ambayo zamani ilimbana mabegani, sasa ilimzunguka mara moja na nusu.

Siku moja katikati ya juma nilikwenda kibandani kwake. Kulikuwa na jua kali, lakini yeye alikuwa amevaa sweta mbili, na chini ya sweta, alipoinama, nilisikia karatasi za nailoni zikilia. Alisimama juu ya sufuria ya supu akiikoroga, mvuke ukimpiga usoni, wachuuzi wa ngozi na madereva wa malori wamejipanga kwenye mabenchi na vikombe vyao na pilipili. Hakuwa amekunywa maji tangu jana. Alinionyesha ulimi wake kwa utani, nao ulikuwa mweupe.

"Nekesa, hii si mazoezi. Hii ni kujiua."

"Imebaki kilo mbili. Usinianze."

"Nitamwambia Kocha."

Aliacha kukoroga. Dereva mmoja alidai aongezewe mchuzi, hakumsikia. "Mwambie," alisema. "Atanikalisha. Halafu hao watu wa timu watachukua msichana mwingine, na mimi nitakufa nikiosha matumbo. Wewe utasimama pembeni ya mkeka one week, halafu utarudi kwa duka yenu. Ndio maana nakuambia, mwambie." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Angenitukana ningekwenda kwa Kocha mbio. Nilikunywa kikombe cha supu nilichopewa, nikaaga, nikatembea mpaka nyumbani nikibishana na mtu ambaye hakuwepo.

Wiki mbili kabla ya mashindano nilimtupa. Ilikuwa mbinu ya nyonga, ile tuliyoifanya mara elfu, na mimi nilikuwa na nguvu za sahani mbili. Zamani angenizuia au angezunguka hewani. Safari hii alikwenda mwepesi mno, nikampeleka mbali kuliko nilivyokusudia, akaangukia kaburini, bega na kichwa kwa pamoja. Kidevu hakikuwa kifuani. Alikaa, akacheka, akasema ni sawa, akaupepeta mkono wa kushoto hewani kama mtu aliyeungua. Tulipokuwa tukivaa viatu aliniambia mkono unawaka moto kuanzia shingoni mpaka vidoleni. Jumamosi ile, jikoni, alishika upawa kwa mkono huo na upawa ukaanguka sakafuni. Aliutazama ukiwa chini, mimi nikamtazama yeye, kisha akauokota kwa mkono wa kulia kabla mwingine hajaingia.

"Usiniseme," alinong'ona. "Wambui, haki ya Mungu, usiniseme. Ni siku kumi tu."

Jumatatu tulisimama tukitazamana. Nilimpapasa shingo, na nilipofika upande wa kushoto aliuma meno. Kocha alikuja akichechemea, akasimama mbele yangu na uso wake mrefu usio na haraka. "Mwenzako?" Nilifungua mdomo nikiwa sijui nitasema nini, naapa sikujua, na neno lililotoka lilikuwa "mzima". Jumatano likatoka tena, na safari ya pili lilikuwa jepesi zaidi.

Hata hivyo sikuwa nimekufa dhamiri. Ijumaa nilivaa nguo ya kanisa nikaenda mjini, kwenye ofisi alikofanya kazi Kocha, ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa imeharibika. Niliambiwa nisubiri kwenye korido, karibu na chumba cha chai. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani alikuwa Kocha na mama aliyewapikia chai, Bilha, mtu wa kwao, na vikombe vilikuwa vikigongana kwenye beseni. Nilimtambua Kocha kwa sauti kabla sijaelewa anamsema nani.

"Kuna msichana wangu mmoja amekonda, Bilha. Macho imeingia ndani. Na shingo anageuza pamoja na mabega."

"Si umtoe? Wewe ndiye mwalimu."

"Mwenzake anasema ni mzima."

"Na wewe unaona nini?"

Nilisikia maji yakimwagwa. "Nikimtoa mimi," alisema Kocha, "nitakuwa nimesema mwenzake ni mwongo. Na nimewafundisha mwaka mzima waaminiane. Nikivunja hiyo, hakuna kitu nimewafundisha. Yule mwenzake ni msichana mzuri. Kama kuna neno, atasema."

Alitoka akiwa na bahasha za kupeleka, akanikuta pale, na uso wake ukafurahi kwa namna ambayo nikiikumbuka hata sasa hunitia baridi. Alirudi ndani akaniletea chai na andazi. Alisimama akinitazama nikila. "Kuna neno, Wambui?" Niliona wazi kwamba mzee yule alikuwa akiniomba. Alikuwa amejifunga kwa kamba yake mwenyewe na ncha ya kamba nilikuwa nayo mimi, na nyuma yangu Nekesa naye alikuwa akiniomba. Nilisema, "Hapana Kocha. Nilikuwa napita tu." Hakuna mtu anayepita tu ghorofa ya tatu. Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru kwa kumtembelea, akashuka ngazi na bahasha zake, goti lile likilia kila hatua. Nilimaliza andazi. Sijui kwa nini nililimaliza.

Siku ya mashindano Nekesa aliingia kwenye mizani akiwa amevua hata hereni, na sindano ikasimama chini kidogo ya hamsini na mbili. Alinikumbatia. Alikuwa mfupa mtupu na alinuka kama chumba kilichofungwa. Alikunywa chupa mbili za maji na kula ndizi nne kwa mkupuo, akatapika zote chooni, akarudi akitabasamu. Ukumbi ule wa mjini ulikuwa na mkeka wa kweli, wa kijani na pembeni mwekundu, na wale wakubwa wa timu walikaa meza ya mbele wakiwa na kalamu. Hata huko Kocha hakuacha desturi yake. Alitupanga ukutani, watu wa vilabu vingine wakitucheka. Niliweka viganja kwenye mabega ya Nekesa. Chini ya kiganja changu bega la kushoto lilikuwa likitetemeka lenyewe, bila yeye, kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza nzi. "Mwenzako?" aliuliza Kocha, na alinitazama mimi peke yangu, si yeye. "Mzima," nilisema.

Pambano la kwanza alishinda kabla sijakaa vizuri. Mmoja wa wale wakubwa aliandika kitu. Pambano la pili alipewa msichana mrefu kutoka pwani, mtulivu, asiye na ubaya wowote. Walizungukana, yule mrefu akaingia na nyonga, mbinu ileile yangu, na nikaona mkono wa kushoto wa Nekesa ukiachia ukosi kabla ya wakati. Alikwenda hewani. Nilifumba macho nikasikiliza. Nilisikia mwili. Nikasubiri kofi, nikasubiri, na mpaka watu walipoanza kusimama kofi lilikuwa halijaja.

Hospitalini walisema mishipa ya fahamu iliyotoka shingoni kwenda mkononi ilikuwa imeng'oka, uti wa shingoni umejeruhiwa, na kwamba angekuwa na bahati akiweza kutembea. Alitembea, bahati hiyo alipata. Mkono haukurudi. Nilikaa na Kocha kwenye benchi la korido ya hospitali, viatu vyake vimeng'aa kama siku zote, na nilisubiri aniulize. Nilikuwa tayari kumwambia kila kitu, sahani, nailoni, upawa. Hakuniuliza siku ile wala siku nyingine. Jumatatu iliyofuata aliingia ukumbini, akapita kwa kila mmoja wetu akimkagua shingo na magoti kwa mikono yake mwenyewe, kimya, kama daktari wa mifugo, na neno "mwenzako" halikutoka tena kinywani mwake. Mutiso, aliyebaki naye miaka mingi, aliniambia hakulitamka mpaka alipokufa. Mimi sikumaliza mwezi. Nilimpelekea Nekesa supu mara kadhaa kabla hajarudi kwao, na alikula kwa mkono wa kulia bila kunilaumu. "Ni mimi nilikuomba," alisema, akiupanga mkono wa kushoto juu ya blanketi kama mtu anayepanga kitu cha mwingine. Nilitamani anitemee mate.

Jumamosi nilifika Satellite nikiwa na mkongojo wangu, maana goti la kulia sasa limekataa kabisa, na nimekataa kulionyesha kwa daktari kwa sababu najua atakachosema. Ukumbi una vigae siku hizi na kwaya ina spika. Lakini Mutiso, ambaye sasa ana kipara na wajukuu, alikuwa ameleta lile turubai. Alilihifadhi. Alikuwa amelitandika chini tupu, bila magodoro, na picha ya Kocha iliegemea ngoma. Tulikuwa tisa. Nekesa alikuwa wa mwisho kuingia. Amenenepa, amevaa kitambaa kizuri cha kichwani, mkono wa kushoto kautia kwenye mfuko wa sweta. "Mama ploti," alisema, na nikamsogezea kiti. Chakula kilipoletwa, ndengu na nyama na viazi, nilichukua sahani yake bila kufikiri nikampakulia, vipande vitatu, kisha cha nne, nikakaa mbele yake. Alikula polepole mpaka sahani ikawa nyeupe, akailaza upande wangu nione ndani. "Leo nimemaliza," alisema. Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Ndipo Mutiso akasema tusimame tumuage mzee kwa njia yake ya zamani, ile kabla ya mambo kuharibika. Tulijipanga jozi jozi pembeni mwa turubai, wazee na vitambi vyetu, tukapapasana mabega kwa aibu. Mutiso alipita akiuliza, na kila mtu akajibu mzima, mzima, wengine wakifuta macho. Nilikuwa na muda mrefu wa kujiandaa, miaka thelathini. Niliweka viganja vyangu kwenye mabega ya Nekesa. La kulia lilikuwa limejaa. La kushoto lilikuwa mfupa na kitambaa.

"Mwenzako?"

"Mkono," nilisema. "Wa kushoto. Na shingo. Wiki mbili kabla ya mashindano."

Hakuna aliyecheka. Mutiso aliitazama picha kama aliyeomba msaada, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi akae."

"Bado hujaniuliza mimi," alisema Nekesa.

"Mwenzako?"

Alinipapasa kwa mkono wake mmoja, shingo, bega, bega, kiwiko. Akainama kwa taabu, akashika goti langu la kulia na kulibonyeza kwa kidole gumba mpaka nikashika bega lake nisianguke. Alibaki ameinama kidogo, kidole kikiwa palepale. Kisha akainuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mzima," alisema.

Akaenda kukaa kwenye benchi ya kwaya, akauchukua mkono wake wa kushoto kwa wa kulia na kuuweka mapajani. Mutiso alianza maombi. Nami, niliyebaki bila mwenzangu, nikasimama pembeni mwa mkeka, mikono nyuma, mpaka yakaisha.